Mama Akiwa Mmoja

Tulimzika Mama Solange siku ya baridi ambayo hata wenyeji wa mji huu wa ng'ambo waliilalamikia. Kanisani tulikalishwa benchi la mbele: Solange, kisha mimi, kisha Prosper. Mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu, kwamba alizaliwa Uvira, akaishi miaka mingi Johannesburg, alikuwa fundi cherehani na mwanakwaya, na ameacha watoto watatu. Akatutaja kwa majina. Baada ya mazishi mke wa Prosper alipita na chai. Ni mwanamke mwema. Sijawahi kupata sababu ya kumchukia, na Mungu anajua nimeitafuta. Akaniinamia, akasema, "Wifi, kunywa hata kidogo." Watoto wao wakanilalia mapajani, shangazi hivi, shangazi vile, na Prosper akanitazama mara moja tu, juu ya vichwa vyao, akainamisha macho kwenye kikombe chake. Watu wengine wakifiwa hukumbuka nyimbo au sauti ya marehemu. Mimi nilikaa pale na chai inapoa mkononi nikikumbuka aljebra.

Jinsi tulivyofika Johannesburg sitaieleza. Nimeshaichoka hadithi hiyo kwa kuirudia mbele ya meza za watu. Inatosha kujua kwamba Mama Solange hakunizaa mimi, wala hakumzaa Prosper. Mimi nilikuwa mtoto wa jirani yake. Prosper, kijana wa Buyenzi kule Bujumbura, tulimkuta njiani akiwa peke yake. Siku ya kwanza alitubebea mzigo, na siku ya pili hakuna aliyemwambia aende zake. Tulipofika kwenye dirisha la kuomba hifadhi, Mama Solange akaulizwa ana watoto wangapi. Alikuwa na Solange mgongoni, mimi nimeshika kitenge chake upande huu, Prosper amesimama upande ule na mabegi. Akasema watatu. Mwanamke yeyote wa kwetu angesema hivyo. Kwetu mtoto unayemlisha ni wako, na nani angethubutu kusema mmoja huyu ni wangu, hawa wawili sijui mtawapeleka wapi? Ikaandikwa hivyo, tukawa kaka na dada, na kwa miaka kadhaa jambo hilo halikutusumbua hata kidogo.

Lilianza kutusumbua mwaka 2012, mwaka tuliosoma vipeo. Tulikuwa tunakaa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya pili, nyumba ya vyumba viwili ambamo sebule ilikuwa pia karakana, jiko la ziada na chumba cha kulala cha Prosper. Cherehani ilikaa dirishani ili Mama Solange apate mwanga, na chini yetu saluni zilianza kupiga muziki wa Kinshasa kabla hatujamaliza chai. Meza ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili, umetandikwa kitambaa kizito cheusi kilichopigiliwa misumari pembeni. Juu ya kitambaa hicho Mama Solange alipima na kuchora kwa chaki ya fundi, ile bapa ya pembe tatu, kisha akapangusa kwa kiganja. Mchana, wateja wakipungua, meza ilikuwa yetu. Tulisogeza makasi na vipande vya vitenge, tukachukua chaki, tukaandika hesabu. Karatasi tuliziheshimu mno kuzichafua na makosa yangu, na makosa yangu yalikuwa mengi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa darasa la kumi na moja, kwa sababu miaka mingine niliipoteza barabarani. Prosper alikuwa amenizidi miaka miwili na tulikuwa darasa moja kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu wetu wa hesabu, mama mmoja wa Soweto tuliyemwita Mem, aliandika ubaoni kila asubuhi neno lile lile, rahisisha, na chini yake fujo ya herufi zilizobeba tarakimu ndogo mabegani. Kila swali lilimalizika kwa amri: jibu liwe na vipeo chanya. Mimi hata hasi sikuziona. Nilizidisha palipotakiwa kujumlishwa, nikajumlisha palipotakiwa kuachwa. Siku moja niliandika kwamba mbili kipeo cha tatu mara tatu kipeo cha pili ni sita kipeo cha tano. Mem akashika karatasi yangu mbele ya darasa zima, akatikisa kichwa. "Eish, Feza. Huyu sita umemtoa wapi, sista?" Darasa likacheka. Prosper hakucheka, na nadhani ilianzia pale, ingawa siku ile niliona ni uungwana wa kaka tu.

Jioni ile aliniketisha mezani. "Sahau maneno ya Mem," akasema. "Herufi au namba ya chini, ile kubwa, ni mama. Tarakimu ndogo ya juu ni mtoto aliyebebwa. Sawa? Kila ukiona swali, kabla hujagusa mtoto, tazama kwanza mama." Akachora x³ × x⁴. "Mama ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Basi watoto wanajumlishwa. Saba. Na hawa?" Akachora 2³ × 3².

"Mama wawili."

"Mama wawili, kila mtu abaki na mwanawe. Unazidisha nane kwa tisa, basi. Wewe uliwachukua watoto wa nyumba mbili ukawapa mama ambaye hayupo."

Mama Solange, aliyekuwa anapindua kola ya gauni, alicheka hadi akasimamisha cherehani. Tangu siku ile aljebra ikawa yake pia. Mtoto akibeba mtoto mwenzake, yaani kipeo juu ya kipeo, alisema ukoo unazidi, kwa hiyo zidisha. Mtoto akiwa sifuri, mama anabaki mtu mmoja, kwa hiyo jibu ni moja, si sifuri, na hapo alinishika sikio kwa sababu nilikosea mara nyingi. Wenye alama ya kutoa walikuwa watoto wasumbufu wa ghorofani. Unawashusha chini ya mstari, na wakifika chini wanatulia na kuwa chanya. Solange, aliyekuwa na miaka tisa na alijibu kila kitu kwa Kiingereza, alitutazama kama wendawazimu. Mimi nilianza kupata saba kwa kumi, kisha tisa. Sikuwa na akili zaidi ya jana. Nilikuwa nasubiri tu saa tisa ya mchana ifike, chaki itolewe, na kiwiko cha Prosper kiwe karibu na changu.

Wanawake wa kanisani waliokuja kupimwa sare za kwaya walitukuta hivyo kila mara, vichwa vimeinama juu ya kitambaa cheusi, na walitusifu. Niliwasikia nikiwa jikoni napika sombe, yaani kisamvu, mmoja amesimama na pini kiunoni, mwenzake amekaa kwenye kiti cha wageni, wakiongea Kiswahili cha kwetu ambacho wa hugeuka ba.

"Ona vile batoto ba Mama Solange banapendana. Bangu, kila siku ni vita."

"Ni malezi. Uyu mama alibalea muzuri. Kaka anafundisha dada, dada anapikia kaka."

"Mungu abalinde."

Nilikoroga sombe nikataka kucheka, kisha sikutaka tena. Mama Solange hakusema aksanti kama ilivyo desturi yake anaposifiwa. Nilisikia cherehani ikianza upya, haraka kuliko kawaida, na nadhani ndiyo siku aliyoelewa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na sisi tulikuwa tunakohoa mezani kwake.

Mwezi wa saba alitutuma Fordsburg kununua bitana na nyuzi. Tulishuka kwenye teksi tukapita katikati ya maduka, harufu ya uvumba na nyama ya kuchoma, wauzaji wakituita bhai na sista. Kwenye duka moja la vitambaa mzee wa Kihindi alinifunulia bitana ya rangi ya samli, akamtazama Prosper, akaniuliza kama mume wangu ataipenda. Hakuna mtu Yeoville ambaye angeuliza hivyo. Prosper akajibu bila kupepesa, "Mume wake anapenda anachopenda yeye." Tukalipa, tukatoka. Tulisimama kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa kule, mfuko wa bitana kati yetu, na ikawaka kijani tusivuke.

"Feza," alisema. "Mimi si kaka yako."

"Najua."

"Nataka nikusikie ukisema."

"Wewe si kaka yangu, Prosper."

Hayo ndiyo yote. Tulivuka taa ilipowaka mara ya pili. Nimeishi zaidi ya miaka kumi tangu siku hiyo, nimependwa na watu wengine wawili, mmoja wao kwa uvumilivu mkubwa, na sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kuvuka barabara Fordsburg nimebeba bitana.

Tulitaka kufanya mambo kwa heshima. Si ya kujificha kwenye ngazi kama watoto wa mtaa. Kwetu kijana hutuma watu. Wanakuja na maneno yao, wanabisha hodi kwa wazazi wa msichana, wanaulizwa wametoka wapi na wanatafuta nini. Tukakaa kupanga nani atumwe, tukagundua kwamba mama wa msichana ni Mama Solange, na mama wa mvulana, anayepaswa kuwatuma hao watu, ni Mama Solange. Prosper alicheka hadi machozi. "Nitabisha hodi kutoka jikoni," alisema. "Mama atanituma, halafu atakimbia kukaa kwenye kiti ili anipokee." Nilimwambia aje na ndagala, wale dagaa wa kwetu, wa kutosha, la sivyo atarudishwa jikoni kwake. Tulikuwa tunatania, lakini tulikuwa tumeamua. Tungemaliza mtihani wa mwisho wa mwaka, kisha tungemwambia.

Simu ilitangulia. Mwezi wa tisa Mama Solange aliitwa na ofisi iliyokuwa inashughulikia wakimbizi wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Ombi lake la miaka mingi lilikuwa limefika juu ya rundo. Familia yote, mama na watoto watatu, wangehojiwa kabla mwaka haujaisha. Alikata simu akapiga magoti palepale kati ya vipande vya vitenge, akamshukuru Mungu kwa sauti. Solange akauliza kama kule tunakokwenda watu hawafukuzwi. Lazima niseme kuhusu Solange. Mwaka 2008, zile siku wageni walipokuwa wanafukuzwa mitaani, tulikuwa tunakaa upande mwingine wa jiji, na tulitoka nyumbani mbio, Mama Solange na kichwa cha cherehani kifuani, Solange miguu mitupu juu ya vioo. Alikuwa mdogo, lakini tangu siku ile alilala na viatu miguuni. Tulimbembeleza, tukamdanganya, tukamvua akiwa usingizini. Asubuhi tulimkuta amevivaa tena. Mama alimuahidi kwamba kule hakuna anayelala na viatu.

Siku chache baadaye, Solange akiwa shuleni, Mama Solange alisimamisha cherehani akatuita mezani. Tulikuwa na chaki mikononi. Hakutugombeza. Angetugombeza ningempinga, maana nina ulimi mkali na nilikuwa tayari.

"Mi si kipofu," alisema. "Nilijua kabla yenu. Wewe Feza unamupakulia nyama mbele ya mimi."

Prosper akasema, "Mama, tulitaka kukuambia kwa heshima."

"Heshima muko nayo. Sikilizeni. Haiko zambi. Damu haiko moya, nilibaokota kila mutu mahali pake. Lakini ile siku kwa dirisha nilisema batatu. Kama leo nasema babili si bangu, banaenda kuniuliza, na uyu wa tatu, ulimutoa wapi? Dosye yote, ile faili yetu, inakufa."

"Uende na Solange," nikasema. "Sisi tubaki."

"Nitasema nini? Mama gani anaacha batoto babili mu Joburg, anapanda ndege?" Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Sibakatazi. Mukisema mutabaki, tutabaki bote bane, na sitabauliza hata siku moya. Nimebaambia tu vile iko."

Akarudi kwenye cherehani. Nilimchukia kwa muda wa kushona mkono mmoja wa gauni. Angetukataza ningekuwa na mtu wa kumlaumu maisha yangu yote. Alituachia uamuzi, na hilo lilikuwa zito kuliko amri. Leo amekufa na bado sijui kama ilikuwa wema au werevu. Alikuwa na vyote viwili.

Mimi na Prosper tulishuka tukatembea Mtaa wa Rockey kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, katikati ya wauza mihogo na wasusi waliotuita kwa majina. Nilisema tubaki. Nilisema Yeoville si mbaya, kwamba 2008 imepita, kwamba tutafanya kazi na Mama atashona na Solange atazoea. Nilisema mengi na nilisema vizuri. Prosper alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Feza, jana nilimvua viatu," alisema. "Aliamka akanipiga ngumi. Hakujua ni mimi."

Nilijua amekwisha kuamua, na nilijua kwamba alikuwa mtu niliyempenda kwa sababu angeamua hivyo. Nilitaka kwa siku moja tu awe mtu mbaya. Tulipofika kwenye lango letu alinipa mkono, kama watu wanaoagana baada ya ibada, nikaushika, kisha akapanda ngazi mbele yangu.

Baada ya hapo meza ya kukatia ikapata kazi nyingine. Mama Solange alituuliza maswali ambayo tungeweza kuulizwa, nasi tukajibu. Kaka yako alizaliwa wapi? Nani alikuwa akimbeba dada yako mgongoni? Mlikuwa mnalala chumba kimoja? Tulitunga utoto mzima, tukauremba, tukaupa hata mbwa. Prosper alikuwa hodari. Alisimulia nilivyong'oka jino la kwanza hadi nikakaribia kuamini kwamba alikuwepo. Aljebra hakunifundisha tena. Hakusema anaacha, alianza tu kusomea maktaba, na mimi nikabaki na kitambaa cheusi na mama zangu wa chaki. Nilijifunza peke yangu, kwa hasira. Siku ya mtihani, maua ya jakaranda yakiwa yametapakaa nje ya dirisha, swali la kwanza lilikuwa rahisisha. Juu ya mstari mabano: mbili, a kipeo cha tatu, b kipeo hasi mbili, vyote kipeo cha pili. Chini ya mstari nne, a kipeo cha tano, b kipeo hasi moja. Nilitazama kwanza mama. Nikazidisha palipobebana, nikatoa palipogawanywa, nikamshusha b chini akatulia. Nikapata a juu ya b kipeo cha tatu, safi, hakuna hasi hata moja. Prosper alikuwa ameketi viti viwili mbele yangu. Nilijua amepata jibu hilo hilo, na sikuwa na ruhusa ya kumuuliza. Nilikaa na kalamu nikalia juu ya swali nililolipata.

Tulihojiwa mwezi wa kumi na mbili, jijini, kwenye chumba chenye feni na meza ndefu. Afisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mkalimani Mkenya aliyetuita ndugu zangu. Walimhoji Mama kwanza peke yake, kisha wakatuita wote. Maswali tuliyoyaogopa hayakuja. Hakuna aliyeuliza jino wala mbwa. Aliuliza majina, shule, afya. Halafu akageuza ukurasa, na mkalimani akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nina mume, mchumba, au mtu yeyote tuliyeahidiana naye hapa Afrika Kusini, ili aandikwe.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mama Solange alitazama mikono yake. Goti la Prosper lilikuwa karibu na langu chini ya meza, na lilikuwa limetulia kama la maiti.

"Hapana," nikasema.

"Na wewe, kijana?"

Alichelewa. Mkalimani alidhani hakusikia, akarudia swali polepole, neno kwa neno: mke, mchumba, mtu yeyote mliyeahidiana.

"Hapana," Prosper akasema. "Hakuna mtu."

Afisa akaandika. Kisha akamgeukia Solange, akaongea naye Kiingereza moja kwa moja, akamuuliza hawa wawili ni nani. Sisi watatu tulikuwa tumefundishana cha kusema. Solange hatukumfundisha chochote, kwa sababu hakuna siku tuliyowahi kumwambia vinginevyo. Akatutazama, akamtazama yule afisa, akashangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. Huyu ni dada yangu, alisema, na huyu ni kaka yangu, na wanaboa, kila siku hesabu, hesabu, hesabu. Afisa akacheka. Mkalimani akacheka, Mama akacheka, Prosper akacheka huku amekaza macho ukutani, na mimi nikamvuta Solange shavu, nikacheka kama dada.